Simu Inapochemka: Gusa Wapi, Uliza Lini

Kuanzia Desemba mpaka Machi, kaskazi inapovuma Dar es Salaam na shati linagandia mgongoni tangu saa tatu asubuhi, meza yangu ya ufundi hujaa simu zenye ugonjwa mmoja. Kuna zinazozima mchana na kuwaka jioni zenyewe. Kuna zinazogoma kuchaji. Kuna ambazo kamera inajifunga katikati ya harusi, bibi harusi ndiyo kwanza anaingia ukumbini. Wenye simu huja na jibu lao tayari: "Fundi, nibadilishie betri." Mafundi wengi hubadilisha kweli, kwa kuwa mteja ameomba na betri ipo kwenye droo. Siku si nyingi mteja anarudi, simu inachemka vilevile, na pesa imeshakwenda.

Huyo mteja ndiye ninayemwandikia. Joto la simu lina mahali linapotokea na lina wakati wake. Ukiyajua hayo mawili, sehemu kubwa ya jibu unayo kabla bisibisi haijashikwa. Kwa hiyo simu ikiletwa mezani, kabla ya kuuliza ni ya kampuni gani nauliza: inachemka sehemu ipi, na inachemka ukiwa unafanya nini?

Jaribu hata wewe. Vua kava, pitisha vidole mgongoni mwa simu. Katika simu nyingi za siku hizi, upande wa juu, karibu na kamera, ndipo ilipo bodi kubwa yenye prosesa, yaani ubongo wa simu. Kuanzia katikati kushuka ni betri. Chini kabisa, penye tundu la chaja, kuna bodi ndogo ya chaji. Joto likiwa juu, karibu na kamera, simu inafanya kazi nzito, iwe umeituma wewe au programu fulani imejituma yenyewe. Likiwa chini penye tundu na chaja imechomekwa, mashaka yako yaende kwenye chaja, waya na tundu lenyewe. Likiwa katikati, na kifuniko kimeanza kuinuka kidogo, acha kuitumia na usome sehemu ya mwisho ya makala hii sasa hivi. Na kama simu nzima ina moto sawasawa, mbele na nyuma, mara nyingi hilo ni jua tu.

Simu ya kawaida haina feni. Joto la prosesa hubebwa na karatasi nyembamba ya grafiti, na kwenye simu za bei ya juu huongezwa kibamba cha shaba chenye maji kidogo sana ndani yake, ambayo hugeuka mvuke upande wa moto na kurudi kuwa maji upande wa baridi. Vyote hivyo hulitandaza joto mpaka lifike kwenye kioo na mgongo wa simu, kisha hewa ilichukue. Sasa hewa yenyewe ikiwa ya moto, joto halina pa kwenda. Apple huandika wazi kwamba iPhone itumike mahali penye nyuzi joto 0 hadi 35, na simu za kampuni nyingine hazitofautiani sana. Mchana wa Februari hapa Dar nyuzi 32 kivulini si habari. Maana yake, hujafungua hata WhatsApp na umebakiwa na nafasi ya nyuzi chache tu. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai, ambako kiangazi hupita nyuzi 40, hawana hata hizo chache.

Simu inapoona joto linazidi, hujilinda. Inapunguza kasi ya prosesa, kwa hiyo kila kitu kinakuwa kizito. Inapunguza mwanga wa kioo, hata ukiusukuma juu haupandi. Inakataa kuwasha tochi ya kamera, inasitisha chaji, na mwisho inajizima. Watu wengi huona dalili hizo wakasema simu imezeeka, wakaenda kuifuta yote na kupoteza picha za watoto, kumbe ilikuwa inahitaji kivuli.

Kama kuna kazi inayokusanya kila chanzo cha joto mahali pamoja, ni ya dereva wa bodaboda anayepokea abiria kwa programu. Alikuja kijana mmoja, simu ameishika kwa kitambaa. "Fundi, hii imekuwa pasi ya mkaa. Inazima nikiwa na abiria, sijui hata naelekea wapi." Nikamwomba aniletee pikipiki mbele ya kibanda niione simu inakaa wapi. Ilikaa kwenye usukani, kioo kikitazama jua la saa saba. Iko ndani ya mfuko wa plastiki wa kuzuia mvua, na ndani ya mfuko imevaa kava nene la mpira. Mwanga umefika mwisho kwa kuwa juani hakionekani kitu. Ramani inafanya kazi, GPS inafanya kazi, data iko wazi, na waya wa chaji umetoka kwenye betri ya pikipiki. Betri ya simu ilikuwa nzima, nimeipima. Hakuna betri ya kununua ambayo ingestahimili mahali pale.

Tulichofanya hakikugharimu fedha nyingi. Mfuko wa plastiki ukabaki wa siku za mvua. Kava nene likatoka, likaja jepesi lililo wazi mgongoni. Akaweka kikofia kidogo cha plastiki nyeupe juu ya kishikio, kama wanavyofanya wenzake wengi, simu ikapata kivuli na kwa sababu ya kivuli mwanga wa kioo ukaweza kushushwa. Chaji anaanza nayo kamili alfajiri, na anachomeka akiwa kijiweni chini ya mwembe, sio njiani. Ramani ya jiji ameipakua kwenye simu kwa kutumia intaneti ya nyumbani, hivyo data haifanyi kazi ya kuchora barabara kila kona. Nilimwambia na jambo jingine ambalo halihusu joto ila madereva wote wa pikipiki wanapaswa kulijua: Septemba 2021 Apple ilitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone, kwa sababu lenzi zake zimeshikiliwa na vifaa vinavyosogea ili picha isitikisike. Kishikio chenye mpira wa kupunguza mtetemo kinasaidia.

Magari nayo yana balaa lake. Watafiti wa Arizona walipima mwaka 2018 magari yaliyoegeshwa juani wakati wa kiangazi, wakakuta baada ya saa moja hewa ya ndani imefika wastani wa nyuzi 47 na dashibodi nyuzi 69. Sisi hatuko jangwani, lakini dashibodi nyeusi ya gari lililoegeshwa juani nje ya soko la Ilala inakwenda njia hiyohiyo. Ukishuka, shuka na simu. Kama lazima ibaki, ikae chini ya kiti, kamwe isibaki kwenye kioo cha mbele.

Sasa twende kwenye joto lisiloonekana chanzo chake, lile la simu iliyotulia mfukoni lakini paja linaungua. Hapa wakati ndio unaosema. Ikiwa inatokea ukiwa safarini, au ukiwa ofisi fulani ya chini ya ghorofa, na nyumbani haitokei, tazama mistari ya mtandao. Simu iliyo mbali na mnara hupaza sauti. Ikiwa kwenye 2G ya megahazi 900 inaruhusiwa kurusha mawimbi kwa nguvu ya hadi wati 2 kwa vipindi vifupi, na kwenye 4G kiasi cha wati 0.2. Karibu na mnara inatumia sehemu ndogo sana ya nguvu hizo. Ndiyo maana basi linapopita pori refu ambako mtandao unakuja na kupotea, chaji inaisha na simu ina moto ilhali hukuigusa. Zima data, au weka simu kwenye hali ya ndege mpaka mji unaofuata. Kuwagawia wenzako intaneti kwa hotspoti ni mzigo wa namna hiyo pia, kwa sababu simu inapokea kwa redio moja na kurusha kwa nyingine bila kupumzika. Ukigawa, iache juu ya meza bila kava, usiichomeke chaja wakati huohuo.

Ikiwa mtandao ni mzuri na bado inachemka imetulia, fungua Mipangilio, nenda Betri, uangalie programu ipi imekula zaidi tangu asubuhi. Mara nyingi jibu liko pale: programu ya kurekodi simu iliyopakuliwa nje ya duka rasmi, mchezo uliosahaulika nyuma, au moja ya zile zinazojitangaza kwamba zinapooza simu. Hizo za kupooza nazichukia waziwazi. Zinafunga programu zako, mfumo unazifungua tena, na kazi hiyo ya kufunga na kufungua ndiyo inayoongeza joto, huku matangazo yanapita. Zifute.

Wakati mwingine kosa liko kwa watengenezaji wenyewe na hata simu mpya haiponi. Septemba 2023 iPhone 15 Pro zilipotoka watu walilalamika zinaunguza mkono. Apple ilisema sababu ni hitilafu ndani ya iOS 17 pamoja na baadhi ya programu, zikiwemo Instagram na Uber, na toleo la 17.0.3 lililotoka Oktoba lilikuja na marekebisho. Kwa hiyo usasishaji wa mfumo una maana yake, usiuahirishe miezi. Ila jua pia kwamba siku ya kwanza ya simu mpya, au baada ya usasishaji mkubwa, simu hupanga upya picha, ujumbe na programu zako, na itachemka kwa siku moja au mbili. Hiyo haihitaji fundi.

Joto la kuchaji ndilo linaloniletea wateja wengi kuliko yote. Kila chaji huleta uvuguvugu, hilo ni la kawaida, na chaji ya haraka huleta zaidi, na ile ya kulaza simu juu ya kibao bila waya huzidi kwa sababu sehemu ya umeme hupotea njiani na kugeuka joto. Kisicho cha kawaida ni tundu la chini kuwa la moto kiasi cha kushindwa kuligusa. Hapo natazama ndani ya tundu kwa kioo cha kukuzia. Ninachokuta mara nyingi ni vumbi la mfukoni lililogandamana, unga wa chumvi kwa watu wa Kigamboni na wavuvi, au pini iliyoungua ikawa nyeusi. Pini isipogusana vizuri na waya, umeme unapita penye njia nyembamba, na penye wembamba ndipo panapochemka. Kulisafisha kwa brashi laini na spiriti ya asilimia nyingi, simu ikiwa imezimwa, huondoa tatizo kwa wengi. Usichokoe kwa sindano.

Chaja nazo zinatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Nimepasua chaja za bei ya kutupa nikakuta ndani upande wa umeme mkubwa na upande unaokwenda kwenye simu vimeachana kwa nafasi ndogo mno, na kapasita, vile vipande vinavyotuliza umeme, zimepunguzwa ili bei ishuke. Chaja ya namna hiyo haitoi volti 5 zilizotulia. Inapanda na kushuka, na umeme wa mtaani wenyewe unapanda na kushuka. Aisii ya chaji, yaani chipu inayosimamia chaji ndani ya simu, inabeba adha yote hiyo kwa kugeuza ziada kuwa joto. Chaja njema inakaa miaka. Nunua moja nzuri badala ya kununua mbaya kila mwezi.

Na jamani, mto. Simu chini ya mto, ikiwa kwenye chaji, usiku kucha. Pamba na sponji haviruhusu joto kutoka, na mtoto amelala pembeni. Iweke kwenye kigae, kwenye stuli, popote penye ugumu na hewa. Vijijini kwenye sola naona jambo jingine: paneli imetandazwa juani, na simu imelazwa juu ya paneli hiyohiyo ili waya ufike. Paneli ikae juani, simu ikae chini ya uvungu wa paa, waya urefushwe. Betri za litiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45 hivi, na simu iliyo juu ya paneli inafika hapo upesi sana.

Kwa nini nasisitiza hivi, na simu nyingi zinapoa zikaendelea kufanya kazi? Kwa sababu betri haisahau. Ndani yake kuna kemikali ambazo hata bila kutumika zinaendelea kuliwa polepole, na kwa kadirio la wanakemia mwendo huo huongezeka karibu maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10. Takwimu za Battery University, tovuti ya elimu ya betri ambayo mafundi wengi wa betri huitegemea, zinasema betri ya litiamu iliyojaa asilimia 100 ikihifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 hubakiwa na uwezo wa kama asilimia 80. Ikihifadhiwa imejaa kwenye nyuzi 40, hubakiwa na 65. Lakini ikiwa na chaji ya asilimia 40 tu kwenye nyuzi hizohizo 40, hubakiwa na 85. Angalia tofauti hiyo. Joto peke yake linaumiza, ila joto pamoja na chaji kujaa pomoni ndilo linaloua. Ndiyo sababu simu nyingi sasa zina chaguo la kuzuia chaji isipite asilimia 80. Kwa mtu anayeishi pwani, naliona chaguo hilo lina faida kuliko kava lolote la bei. Liwashe.

Kuna simu moja inayonisisimua kila ikija: ile inayochemka ikiwa imezimwa. Hapo mteja hana kosa lolote la matumizi, hapo kuna shoti, yaani umeme unapita njia ya mkato isiyo yake. Naitoa betri, naunga bodi kwenye pawa saplai, mashine ya mezani ya kutoa umeme, natazama ampea, yaani kiasi cha umeme unaovutwa. Bodi isiyo na kasoro, ikiwa haijawashwa, haivuti kitu. Ikivuta kabla sijabonyeza kitufe, umeme unavuja mahali. Nashusha volti mpaka karibu 1, kisha navukiza rosini, utomvu mkavu wa msonobari, juu ya bodi mpaka itande utando mweupe, halafu naachia umeme. Penye shoti rosini inayeyuka na kuwa angavu, na mara nyingi panaonyesha kapasita ndogo kuliko punje ya mtama. Ikitolewa hiyo, na ikiwa aisii ya nyuma yake haijafa, simu inapoa palepale. Chanzo chake huwa ni maji yaliyoingia siku nyingi nyuma. Mteja anakumbuka: "Ah, ilidondokea kwenye ndoo mwezi wa Ramadhani, lakini ilikauka ikawaka." Ilikauka juu; ndani kutu iliendelea na kazi. Simu iliyoingia maji ifunguliwe na kusafishwa hata kama imewaka.

Maji ndiyo yananileta kwenye friji. Simu ikichemka, wapo wanaoitia kwenye friji, wengine kwenye jokofu la barafu kabisa. Tafadhali acheni. Hewa ya pwani imejaa unyevu. Simu iliyopoa ghafla ukiitoa kwenye hewa hii inatoka jasho, na jasho hilo linatokea ndani pia, juu ya bodi, mahali usipoweza kufuta. Nafungua simu ambazo hazijawahi kuguswa na maji kwa nje, lakini kibandiko cheupe cha ndani kimegeuka chekundu, alama ya unyevu.

Njia iliyo salama ni ya polepole. Toa chaja. Vua kava. Ihamishe kivulini, ilaze kifudifudi kwenye sakafu ya vigae au saruji, feni iipigie. Kama inaitika, izime kabisa. Dakika chache zinatosha kwa simu nyingi. Usiirudishe kwenye chaji mpaka ukiigusa usihisi joto.

Limebaki lile la kifuniko kuinuka. Betri ikivimba, ndani kumezalika gesi na tabaka zake zimeanza kuachana. Dunia nzima iliona hatari ya betri yenye kasoro mwaka 2016, Samsung ilipozirudisha Galaxy Note 7 zote na kuacha kuitengeneza. Uchunguzi iliotangaza Januari 2017 ulikuta betri za watengenezaji wawili, kila moja na kasoro yake, zote zikiishia kwenye shoti ya ndani. Betri iliyovimba kwa joto inaweza kuishia palepale. Usiichaji hata kidogo. Usiikandamize ili kifuniko kifunge. Usiitoboe kutoa gesi, na ukiona fundi anachukua sindano, chukua simu yako uondoke. Ukisikia harufu tamu inayochoma pua, au ikaanza kufoka, iweke nje juu ya mchanga, mbali na kitu kinachowaka, na usiiinamie.

Ukishabadilishiwa, uliza ile ya zamani inakwenda wapi. Mimi naziweka kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, vichwa vimefungwa tepu, mpaka zichukuliwe na wanaokusanya taka za elektroniki. Ukipewa uende nayo nyumbani, ifunge tepu vilevile, na isiingie kwenye takataka za uani, kwa sababu mitaa yetu mingi takataka za uani jioni huchomwa moto, na wanaosimama kuuchochea ni watoto.